Mashine ya Tahani Inayoruka Asubuhi

Kibao cha tatu ndicho kilichoruka. Viwili vya kwanza vilitoka safi, jina la mtoto limetulia katikati ya duara la mbao. Kwenye cha tatu kichwa cha leza kikalia tak! kikasogea milimita nne kulia, halafu kikaendelea kuchonga kama mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe na kujifanya hakuna aliyeona. Sulafa, binti wa siku tano, akatoka vipande viwili: nusu ya jina mahali pake, nusu imehamia mtaa wa pili.

Tahani akabonyeza kitufe chekundu. Akazunguka meza mara mbili, akakitazama kibao kama kwamba kingeona haya na kujirekebisha, kisha akakitupia kwenye ndoo walimolala wenzake.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi alasiri vibao tisini vilitakiwa viwe ndani ya vifuko vya pipi kwenye sherehe ya siku ya saba, mtaa wa tatu kutoka hapo, na siku ya saba haisogezwi. Mtoto hangoji fundi. Lakini si Sulafa aliyemnyima Tahani usingizi wiki hizo. Aliyemnyima ni kaka yake, Lutfi, muuza makava ya simu, ambaye mwanzoni mwa mwezi alisimama mlangoni mwa chumba hicho cha chini cha nyumba yao ya Imbaba na kutoa hukumu huku anatafuna mbegu za maboga.

"Kazi moja tu iharibike tena, dada yangu. Moja. Chumba nakichukua stoo, na hilo dude lako nalitafutia mnunuzi."

"Dude lina jina."

"Na mimi nina makatoni mia mbili yamelala kwenye ngazi. Hayo nayo yana jina?"

Mashine ilikuwa ya Tahani. Alikuwa amefanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha kadi za harusi, akikunja majina ya maharusi wa watu wengine, akacheza upatu na wanawake kumi na wawili, na zamu yake ilipofika akanunua mashine ya leza ya wazi, isiyo na kifuniko, yenye ukubwa wa kitanda cha mtoto. Chumba ndicho hakikuwa chake. Bila chumba, mashine ingekuwa meza ya gharama ya kuanikia soksi, na Tahani angerudi kukunja kadi. Basi.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hajawahi kumaliza bilauri ya chai ikiwa bado moto. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anatembea. Mchumba wake wa pekee alimwacha baada ya miezi mitano, akamwambia mama yake Tahani kwa heshima zote kwamba kukaa sebuleni na binti yake ni sawa na kukaa kituo cha treni. Mama akalia. Tahani akasema mbona treni zinafika mahali, yeye amefika wapi, akashuka kwenda kazini.

Mtu wa namna hiyo ukimpa mashine iliyovunjika kabisa, atashukuru. Atalala chini, atafungua, atafunga, itapona. Ila hii haikuvunjika. Iliruka ikijisikia. Leo mara mbili, kesho hapana, keshokutwa mara tano kabla ya adhana ya adhuhuri, halafu mchana kutwa inakwenda kama siagi. Akimwita mtu aje aone, inakuwa na adabu. Akimwambia mtu imepona, inaruka. Aliyemuuzia, kila akipigiwa simu, alikuwa na jibu moja: "Izime, iwashe." Tahani alikuwa ameizima na kuiwasha hata swichi ikaanza kumtambua.

Alikuwa na daftari. Kila kuruka aliandika: saa, kibao cha ngapi, upande gani, mwendo gani, nani alikuwepo. Kurasa kumi na nne. Alianza na nyaya. Alizitikisa moja moja mashine ikiwa inakwenda, ikaenda tu. Akabadilisha nyaya za mota mbili, ile ya kulia-kushoto akaipa ile ya mbele-nyuma, aone kama ugonjwa utahama na waya. Haukuhama. Kwa hiyo si waya, wala si kile kisanduku kinachoziamuru mota. Akachukua rangi ya kucha nyekundu, akapiga mstari mmoja unaovuka mhimili wa mota na gurudumu lake lenye meno: skrubu ikilegea, mstari utakatika. Jioni mstari ulikuwa mzima, umenyooka, unapendeza kuliko kucha zake.

Basi akamshuku mchinjaji. Mzee Fikri, duka la ukuta mmoja na wao, ana msumeno wa umeme wa kukatia mifupa, na Tahani aliona kabisa, au alitaka kuona, kwamba taa hufifia msumeno ukiwaka. Akaenda na daftari.

"Mzee Fikri, jana saa nne na dakika kumi ulikuwa unakata nini?"

Mzee Fikri akaweka kisu chini taratibu. "Binti, wewe umeajiriwa polisi?"

"Nataka kujua tu."

"Saa nne nilikuwa hospitali na mguu wangu. Duka lilifungwa. Muulize kila mtu hapa, walikula dengu."

Akarudi na daftari lake. Mtaa mzima ukawa umejua kabla hajafika mlangoni, na kutoka roshani ya pili mama yake akamshushia kikapu kwa kamba, ndani yake mikate miwili ya maharage na tango la achari.

"Kula, Tahani! Umebaki mifupa, Fikri atakukata wewe!"

"Nitakula, mama."

Hakula. Kikapu kilikaa juu ya kompyuta mpaka maharage yakaganda.

Jumanne hiyo, baada ya kibao cha tatu, alipunguza mwendo ikaruka mara mbili zaidi, kisha ikatulia kama kawaida yake, akachonga hadi jioni. Vibao arobaini na vinne vizuri. Alipopanda juu alimkuta Lutfi amekaa na mama, anakula tikiti maji.

"Nimepata mtu," Lutfi akasema, bila kumtazama. "Usta Wagdi, fundi mwenye karakana ya fanusi za Ramadhani. Anakuja kesho alasiri kuiona mashine."

"Kazi haijaharibika."

"Nimepita mlangoni. Nimeona ndoo."

Tahani akamtazama mama. Hajati Inshirah alikuwa anatoa mbegu za tikiti kwa ncha ya kisu, moja moja, kama mtu aliyepewa kazi hiyo na serikali.

"Mama, sema kitu."

"Niseme nini, mwanangu? Kaka yako ndiye mwanamume wa nyumba." Akatoa mbegu nyingine. "Mimi nawaombea wote."

Jumatano Tahani alishuka saa tatu kama kila siku. Hakuwasha. Kama mashine itauzwa leo, alijiambia, basi angalau alione tumbo lake. Akalegeza mkanda wenye meno, ule unaokivuta kichwa kulia na kushoto, akautoa wote. Alikuwa ameukaza na kuulegeza mara ishirini, ila kuutoa hakuwahi, kwa sababu kuurudisha ni kazi ya saa nzima na saa nzima ndiyo kitu ambacho hakuwa nacho kamwe. Akachukua mswaki wa zamani akaanza kusugua gurudumu.

Vumbi la mbao lilianguka, la kahawia, linanuka moto. Alilijua hilo. Kisha ndani kabisa, kwenye mabonde kati ya jino na jino, mswaki ukagonga kitu kigumu. Cheupe. Kimesagika na kushindiliwa kama jino bovu lililozibwa. Akatazama dari: chokaa? Dari ilikuwa nzima. Akakikwangua kwa sindano, kikaanguka kiganjani, punje nne na unga kidogo. Na juu ya reli, pembeni, punje nyingine nzima, yenye kona, inang'aa.

Kuna watu wangetafuta lenzi. Tahani alilamba.

Akasimama hivyo, ulimi nje, mbele ya mashine yake.

Chumvi. Tena si ya mezani. Ya mawe, ile ya kulowekea mbegu za lupini na kuoshea samaki.

Akalifungua daftari, safari hii hakutafuta saa. Alitafuta siku safi. Zilikuwepo siku tatu mfululizo, mwezi uliopita, hakuna kuruka hata kumoja, na pembeni alikuwa ameandika kwa furaha: *waya mpya wa umeme!!* Siku hizo tatu mama yake alikuwa mjini Tanta kwa dada yake, kwenye maulidi.

Alipanda ngazi mbili mbili, akaruka makatoni ya Lutfi. Mama alikuwa jikoni, anachambua mchele.

"Mama. Asubuhi ukifungua chumba changu, unafanya nini?"

"Nafungua dirisha. Chumba kipumue."

"Na nini?"

"Nasoma aya mbili."

"Na nini, mama?"

Hajati Inshirah akainua uso. "Na chumvi kidogo. Mtaa huu una macho ya husuda, Tahani. Tangu ulete hiyo mashine jirani Umm Hamdi hanisalimii sawasawa. Namwaga chumvi kidogo, nasema chumvi kwenye jicho la asiyemswalia Mtume, natoka. Nimekukosea?"

"Unamwaga wapi?"

"Kwenye mashine! Nikamwage wapi, kwenye paka?"

Tahani akakaa. Alikaa kweli, makalio kwenye kigoda, goti limetulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Siku ikiruka sana, kesho yake unaongeza?"

"Lazima niongeze! Siku ile ya makosa matano nilimwaga konzi nzima. Kama jicho ni kali, utalipunguzia dawa?"

Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Akamfungulia mama kiganja, zile punje. Akaeleza polepole: mkanda una meno, gurudumu lina meno, punje ikiingia kati mkanda unapanda juu yake na kuruka jino moja, mawili, punje ikishasagika, mashine inatulia, ndiyo maana mchana inakwenda vizuri. Kisha asubuhi inafuata, na chumvi mpya.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauweka ungo wa mchele chini.

"Yaani jicho lenyewe ni mimi," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Wiki tano naamka kabla ya jua kukulinda, kumbe mimi ndiye ninayekuvunja mguu." Akajifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Shuka, Tahani. Nenda kazini."

"Mama, si..."

"Nimesema shuka."

Akashuka. Alisugua meno yote, akapuliza reli, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaurudisha mkanda, akaukaza hadi ulipolia kama uzi mnene wa ala ya udi. Saa sita akawasha. Kibao cha kwanza. Cha pili. Cha tatu alikitazama huku ameshika meza kwa mikono miwili. Cha tisa. Cha kumi na tano. Mashine iliimba. Haikuruka hata pale alipoipandisha mwendo kwa makusudi, kuichokoza. Alikuwa na vibao sitini na vitatu mkononi aliposikia sauti ya Lutfi mlangoni.

"Karibu, Usta, karibu ndani, ndiyo hii."

Na hapo ndipo Tahani akaona alilolifanya. Alikuwa amemponya mgonjwa asubuhi ya siku ya mnada. Mashine inayoruka hakuna mjinga angeinunua. Mashine hii, sasa, ingenunuliwa hata na kipofu.

Usta Wagdi alikuwa mtu mnene mwenye kalamu mbili sikioni, moja kila upande. Hakuuliza habari. Akainama, akaweka kidole juu ya reli kama daktari.

"Ichonge mbele yangu."

"Ina kazi ya watu," Tahani akasema.

"Ndiyo hiyo hiyo ichonge," Lutfi akasema, na akamkazia jicho.

Angeweza kukataa. Angeweza kulegeza mkanda kwa kidole tu, mtu asione. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye skrubu, ukarudi. Mwezi mzima aliitafuta mashine hii iende hivi. Kuivunja mwenyewe mikono yake ilikataa. Akabonyeza. Sulafa mmoja, safi. Sulafa wa pili, safi. Wa tatu akaanza. Lutfi akawa anatabasamu kwa meno hadi ya nyuma.

"Kama saa," Usta Wagdi akasema. "Sijaona reli nyepesi hivi. Kama saa kabisa!"

Mlango wa ngazi ukafunguka. Hajati Inshirah aliingia na sinia la chai, kilemba kimefungwa vizuri, uso wa mtu aendaye kutoa rambirambi.

"Karibu, Usta. Umesema kama nini?"

"Kama saa, Hajati."

"Kama saa tu? Hukusema Mashaallah?"

"Eh... nilikuwa nataka kusema."

"Hukusema." Akaweka sinia juu ya kiti. Akafungua kiganja cha kulia, na kilikuwa kimejaa. "Chumvi kwenye jicho la asiyemswalia Mtume!" Akaimwaga yote, kwa ufundi wa miaka, kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho.

Punje zilidunda kwenye mbao, zikabingirika juu ya mkanda. Kichwa cha leza kilikwenda kulia, kikarudi, kikala ya kwanza. Tak! Tak-tak! Sulafa wa tatu akaruka, akaruka tena, akatoka nje ya kibao kabisa na kuanza kuchoma meza. Tahani akapiga kitufe chekundu. Moshi mwembamba ukapanda kati yao.

Usta Wagdi alikuwa amesharudi hatua tatu. "Hii ina wenyewe," akasema. "Mimi nina watoto. Hajati, Mungu akupe afya." Akatoka, chai yake ikiwa haijaguswa.

Lutfi alingoja hadi mgongo ule mnene ulipopotea.

"Mama, umefanya nini? Umefanya nini, mama!"

"Nimeilinda."

"Umeiharibu mbele ya mnunuzi!"

"Dada yako atasugua, itapona. Amenieleza asubuhi. Ina meno." Alisema neno hilo kama fundi mwenzao.

"Haya, basi imetosha. Mashine muuze msiuze, shauri yenu. Chumba nakichukua leo. Sasa hivi nashusha makatoni."

"Chumba cha nani?"

Lutfi akashika mlango wa ngazi.

"Nakuuliza, Lutfi. Chumba cha nani?"

"Cha... nyumba ni ya familia, mama."

"Nyumba hii baba yako aliijenga kwa bangili zangu sita. Nilizivua moja moja, akanunua saruji, na hati akaiandika jina langu kwa sababu alikuwa na haya. Miaka tisa tangu afe unasema mwanamume wa nyumba, mwanamume wa nyumba, nami nanyamaza, nikidhani nakulea. Nilikuwa nakumwagia chumvi na wewe." Pumzi ilimkatika kidogo. "Ukitaka chumba changu, kiombe. Omba, nisikie."

Mtaani mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki bila sababu. Tahani alikuwa amesimama na mswaki mkononi, na kwa mara ya pili siku hiyo goti lake halikucheza.

"Mama, mbele ya Tahani..."

"Sijasikia."

Lutfi alitazama ndoo, dari, viatu vyake. "Naomba chumba, mama," akasema mwishowe, sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Hapana," Hajati Inshirah akasema. "Kina mpangaji." Kisha akamgeukia binti yake, na ukali haukupungua hata kidogo. "Na wewe usitabasamu. Vibao vya watu kesho. Visipofika, nawafukuza wote wawili na kufuga sungura."

Tahani alihesabu: sitini na vitano. Ishirini na vitano bado. Akautoa mkanda tena, akasugua, akapuliza, na mama hakupanda juu. Alivuta kiti, akainywa chai ya Usta Wagdi, akauliza kila kitu: hiki kinavuta nini, kile kinasukuma nini, mbona kinanuka. Kabla ya magharibi vibao tisini vilikuwa kwenye katoni, pamoja na vitatu vya akiba, na Alhamisi saa tano baba yake Sulafa akavichukua kwa pikipiki, macho mekundu kama mtu aliyezaa yeye.

Jumamosi asubuhi Tahani alianza kazi nyingine, mihuri ya mbao ya kupambia keki za Idi. Hakuiamini bado mashine yake. Aliizunguka, akainamisha sikio kila ilipogeuka, akaandika daftarini *safi*, akafuta, akaandika tena *safi mpaka sasa*.

Kwenye muhuri wa nane akasikia kitu. Akaushika ukingo wa meza. Kikasikika tena: nje, kwenye mlango wa mtaa uliokuwa wazi, mtu anagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi," Lutfi akasema. Alikuwa na kava la simu mkononi. "Hii leza yako... inachonga na plastiki?"

"Subiri," Tahani akamwambia, bila kukiondolea macho kichwa cha leza. "Kikimaliza."

Akasubiri.